Mbunge Arudipo Kambini, Alete Hesabu

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kwamba mjumbe haulizwi. Mtu akitumwa na wenzake kwenda barazani, desturi ya wazee wetu ni kwamba arudipo atapewa kiti na maji ya kunywa, kisha ataeleza: nilikwenda na maneno yenu, niliyasema hivi, wakubwa walijibu hivi, na lile mlilolitaka halikupatikana kwa sababu hii. Mjumbe asiyerudi kutoa habari amekuwa msafiri tu, aliyekula nauli ya wenzake.

Katika majuma ambayo Bunge letu la Uganda huwa mapumzikoni, wabunge wengi huenda majimboni kutoa taarifa. Wananchi hukutana katika uwanja wa shule au chini ya mwembe, wazee hukaa mbele, na mbunge husimama akaeleza sheria zilizopitishwa, barabara iliyotengewa fedha na kituo cha afya kilichoishiwa dawa. Askari polisi nao wapo, lakini wapo kazini. Wamesimama pembeni, mgongo kwa msemaji na uso kwa umati, kama walivyofundishwa, wakisikia nusu ya maneno na nusu ikichukuliwa na upepo. Mkutano ukiisha, mwananchi hurudi nyumbani na habari. Askari hurudi kituoni akaandika kitabuni kwamba mkutano ulimalizika kwa amani.

Sisi twauliza: ni nani atakayempa taarifa yule aliyekuwa akiulinda mkutano? Yeye naye ni mzazi mwenye watoto shuleni. Yeye naye hukatwa kodi kila mwezi kabla mshahara haujamfikia. Tena ana jambo moja zaidi ya jirani yake mkulima: sheria ikipitishwa Kampala leo, ndiye atakayetumwa kesho kuisimamia. Ni ajabu kubwa mtu kutumwa kusimamia neno ambalo hajaelezwa. Kwa hiyo twasema mapema, ili msomaji ajue tuendako: taarifa ya mbunge ni deni, na deni hilo lalipwa kambini na kituoni kama lilipwavyo kijijini.

Kwanza tukumbushane mjumbe wetu ni nani. Wanajeshi wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda (UPDF) wana wawakilishi wao Bungeni. Desturi hiyo ina miaka mingi. Katika Baraza la Kutunga Katiba la mwaka 1994 jeshi lilikuwa na wajumbe 10, na ibara ya 78 ya Katiba ya mwaka 1995 ikathibitisha kwamba jeshi litakuwa na wawakilishi katika Bunge, pamoja na vijana, wafanyakazi na watu wenye ulemavu. Askari polisi na askari magereza hawakupewa viti vya namna hiyo. Mjumbe wao ni yule yule wa jimbo walikojiandikisha kupiga kura, na mambo yao ya kazi hupelekwa katika Kamati ya Bunge ya Ulinzi na Mambo ya Ndani. Basi koplo wa jeshi aliye Bombo anaweza kusema kwamba ana wajumbe wawili, wa jeshi na wa jimbo. Konstebo aliye Naguru ana mmoja tu, na huyo mmoja ana maelfu ya wengine wa kuwasikiliza. Kwa sababu hiyo konstebo ana haja kubwa zaidi ya kumwona mbunge wake akipita kituoni, si mchache wa haja kama wengine wanavyodhani.

Huenda msomaji akasema kwamba jambo hili ni dogo, kwamba askari ana kamanda wake na amri yake, na habari za Bunge ni za wanasiasa. Tunamwomba msomaji huyo arudi nyuma nasi kidogo.

Mnamo tarehe 23 Januari 1964, miezi kumi na mitano tu baada ya Uhuru, askari wa kikosi cha kwanza cha Uganda Rifles waliasi mjini Jinja. Siku tatu kabla yake askari wa Tanganyika walikuwa wameasi katika kambi ya Colito, na siku iliyofuata ikawa zamu ya Lanet nchini Kenya. Huko Jinja askari walilalamikia mshahara, na pia vyeo ambavyo bado vilishikwa na maofisa wa Kiingereza. Waziri Felix Onama alipokwenda kuzungumza nao walimshikilia mpaka akakubali kuwaongezea mshahara, na mwishowe Serikali ya nchi huru ikalazimika kuwaita askari wa Kiingereza warudishe utulivu. Manung'uniko yale hayakuzaliwa usiku mmoja. Yalikuwa yamekaa katika mabweni na jikoni muda mrefu, bila mlango wa kutokea, na yalipokosa mlango yalitoka na bunduki.

Miaka saba baadaye, tarehe 25 Januari 1971, jeshi liliiangusha Serikali, na Bunge likavunjwa. Tangu siku hiyo hadi Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979, sheria ya Uganda ilikuwa amri iliyosomwa redioni. Wako waliodhani kwamba huo ulikuwa wakati wa neema kwa askari, kwa kuwa mtawala alivaa sare kama yao. Lakini ni nani walioanza kufa? Mwaka ule ule wa 1971 askari wa Kiacholi na wa Kilango waliuawa kwa wingi ndani ya kambi zao wenyewe, Jinja na Mbarara na kwingineko, mikononi mwa watu waliokula nao sahani moja. Mjane aliyetaka kujua mumewe alikokwenda hakuwa na mbunge wa kumwendea. Hapakuwa na kamati ya kumwita waziri, wala Spika wa kupokea swali. Askari asidanganyike: Bunge likifungwa, wa kwanza kukosa mtetezi ni yeye.

Hilo ndilo linalotufanya tuseme kwamba mbunge anayerudi na taarifa hamfanyii askari hisani. Anaufungua ule mlango uliokosekana mwaka 1964, na anauthibitisha ule uliovunjwa mwaka 1971.

Sasa taarifa hiyo iwe na nini ndani yake? Kwa maoni yetu, mambo ni matatu: sheria, fedha na huduma.

Tuanze na sheria. Ziko sheria ambazo zimemhusu askari moja kwa moja, tena shingoni mwake, na bado hazijulikani vema katika malindo. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia na kupiga marufuku utesaji. Sheria hiyo yasema kwamba mtu aliyetesa mwingine aweza kufungwa miaka 15, na kosa likiwa zito zaidi aweza kufungwa maisha. Tena yasema kwamba amri ya mkubwa si kinga. Askari aliyempiga mahabusu mpaka akavunjika, akisema afande aliniambia, hatasikilizwa kwa sababu hiyo. Kisha mwaka 2019 ikaja sheria ya utekelezaji wa haki za binadamu, iliyosema kwamba mtumishi wa umma aliyevunja haki ya mtu atawajibika yeye mwenyewe, kwa jina lake, badala ya kujificha nyuma ya Serikali. Fikiri basi juu ya kijana aliyemaliza mafunzo Kabalye juzi, akapangwa lindo la usiku, akaamriwa na mkubwa wake amlazimishe mtu kukiri. Kama hakuwahi kuelezwa sheria hizi mbili, atadhani kwamba utii utamwokoa. Kesho yake aliyetoa amri atasema sikumbuki, na kijana atasimama kizimbani peke yake. Mbunge aliyeinua mkono kuzipitisha sheria hizo ana wajibu wa kuja kumwambia kijana huyu kwa mdomo wake: mwanangu, hili tulilipitisha, na maana yake kwako ni hii.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi yetu iliamua kwamba mahakama za kijeshi kuhukumu raia hakupatani na Katiba. Mwezi Mei mwaka huo huo Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya UPDF, yaliyoeleza upya muundo wa mahakama hizo na mazingira ambayo raia aweza kufikishwa mbele yake, na mwezi Juni Rais akatia saini. Katika miezi mitano askari aliona jambo likikatazwa, likijadiliwa kwa ukali, kisha likiandikwa upya. Kila aliyekaa kambini siku zile ajua jinsi uvumi ulivyotembea, huyu akisema kesi zote zimefutwa, yule akisema hakuna kilichobadilika. Mahali palipokosa taarifa, uvumi hukaa kitini. Ni nani angeweza kuuondoa isipokuwa wale waliokaa Bungeni wakasikia hoja za pande zote, za walioiunga mkono na za walioipinga?

Na taarifa hiyo isiwe na majivuno. Mbunge aeleze njia ya mswada jinsi ilivyo: husomwa mara ya kwanza, hupelekwa katika kamati ambako watu huitwa kutoa maoni, hurudi ukajadiliwa, hupigiwa kura, kisha Rais huwa na siku 30 za kukubali au kuurudisha. Askari akiijua njia hii atajua pia mahali pa kuingizia neno lake. Kamati ndiyo mahali penyewe. Mswada ukiisha kutiwa saini, kulalamika ni kumfokea mvua aliyekwisha kunyesha.

Jambo la pili ni fedha. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na redio zote hutangaza hotuba ya bajeti mwezi Juni. Wengi wetu hudhani kwamba siku ile ndiyo siku ya kuomba. Sivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, mfumo wa bajeti hupelekwa Bungeni kabla ya tarehe 31 Desemba, taarifa za wizara kabla ya tarehe 15 Machi, na Bunge lapaswa kuipitisha bajeti kufikia tarehe 31 Mei. Basi mbunge anayekuja kambini Agosti kuuliza shida za makazi amekuja baada ya chakula kupakuliwa. Tunataka aje Novemba, na aje tena Februari, kabla taarifa ya wizara haijafungwa.

Aje aone mwenyewe. Askari wa zamani wanavikumbuka vibanda vya mabati vya mviringo, vyenye mlango mfupi, ambavyo askari wenyewe waliviita "mama ingia pole". Ndani ya kibanda kimoja askari alilala, alipika na kulea watoto wanaokua, huku pazia likiwa ndilo ukuta kati ya wazazi na wana. Takwimu za wizara zaweza kusema nyumba kadhaa zinahitajika. Pazia lile haliwezi kuandikwa katika takwimu. Mbunge aliyeinama akaingia mlangoni ataliona, na atakaposimama katika kamati atasema neno la mtu aliyeona.

Vivyo hivyo na pensheni. Ibara ya 254 ya Katiba yasema kwamba pensheni itolingane na cheo, mshahara na muda wa utumishi, isikatwe kodi, na ilipwe kwa wakati, bila kukatiza, na kwa njia iliyo rahisi kwa mstaafu. Maneno hayo ni mazuri. Lakini kila askari amjua mzee mmoja aliyevua sare akaanza safari ya kutoka ofisi hii kwenda ile, na bahasha ya makaratasi kwapani, mpaka kola ya shati ikachakaa. Mbunge akija na taarifa, aulizwe juu ya mzee huyo. Aulizwe ni kiasi gani kilitengwa mwaka huu kwa ajili ya malimbikizo, na ni kiasi gani kilitolewa kweli. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mbunge aliyejibu la kwanza tu hajajibu.

Jambo la tatu ni huduma za mahali tunapoishi, na hapa pana uwongo mdogo ambao twapenda kuuondoa. Mbunge hajengi hospitali. Ibara ya 93 ya Katiba humzuia mbunge wa kawaida hata kuleta mswada unaotoza gharama juu ya mfuko mkuu wa Serikali. Hiyo ni kazi ya Serikali. Na tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, shule za msingi, vituo vya afya, maji ya kijiji na barabara ndogo ni mzigo wa baraza la wilaya na mabaraza yaliyo chini yake. Kazi ya mbunge ni kutunga sheria, kuipitisha au kuikataa bajeti, na kuwauliza mawaziri fedha zilikwenda wapi. Basi mbunge anayekuja na gunia la sukari na ahadi ya zahanati amekuja mikono mitupu, hata kama gunia ni zito.

Mbunge mkweli atatuambia nani wa kumwendea. Mtoto wa sajini akitozwa fedha asizopaswa kutozwa katika shule ya Serikali iliyo chini ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza mwaka 1997, jambo hilo lina ofisi yake wilayani. Dawa zikikosekana katika kituo cha afya kilicho nje ya geti la kambi, pana kamati ya kituo na pana diwani. Mpango wa Maendeleo wa Parishi, uliozinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022, ulipanga shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, nao mkopo hupitia vikundi vya wananchi wa parishi. Askari aliye Moroto, ambaye mkewe analima Masindi, hawezi kukaa katika mkutano wa parishi ya kwao. Lakini akipewa taarifa iliyo wazi, anaweza kumwandikia mkewe: nenda kwa mkuu wa parishi, uliza kikundi kipi, dai jina lako lisomwe. Taarifa ya namna hiyo humfaa kuliko gunia la sukari.

Sasa tuseme juu ya lugha. Sheria zetu huandikwa kwa Kiingereza kizito, chenye koma nyingi. Askari wa nchi hii tangu siku za King's African Rifles ameamrishwa, amefariji mwenzake na amezikana kwa Kiswahili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kwamba kitiliwe nguvu na kifundishwe mashuleni. Tena ibara ya 4 ya Katiba yaiamuru Serikali kuitafsiri Katiba katika lugha za wananchi na kuifundisha katika vyuo vya majeshi. Kwa hiyo mbunge anayekuja kambini na hotuba ya Kiingereza, akaisoma akiwa ameinamisha kichwa, hajatoa taarifa. Alete karatasi mbili tatu za Kiswahili chepesi, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ili aliyekuwa lindoni azisome atakapobadilishwa.

Tumesema sana juu ya mbunge. Haki yatutaka tuseme pia juu yetu, ndugu askari.

Ibara ya 208 ya Katiba yasema kwamba UPDF litakuwa jeshi la taifa, lisiloegemea chama, lenye nidhamu, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 212 yawataka polisi washirikiane na mamlaka ya kiraia na wananchi. Basi taarifa ya mbunge kambini haiwezi kugeuzwa kuwa mkutano wa kampeni. Asije na fulana za rangi ya chama chake. Asije kutafuta askari wa kumpigia makofi. Aje kwa ruhusa ya kamanda, kwa saa iliyopangwa, na kamanda naye aelewe kwamba swali lililoulizwa kwa heshima, askari akiwa amesimama wima na kutaja namba yake, si utovu wa nidhamu. Kamanda anayeogopa swali la askari wake mbele ya mbunge ajiulize analificha nini. Na askari asiyeuliza siku ile, akangoja kunung'unika usiku jikoni, ajue kwamba naye amelikataa lango lililofunguliwa.

Iko sababu nyingine ya kudai hesabu bila kuchoka. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 84, iliwapa wapiga kura haki ya kumwita mbunge wao arudi nyumbani kabla ya muda wake, na moja ya sababu zilizotajwa ni kuwatelekeza wapiga kura mara kwa mara bila sababu ya maana. Mwaka 2005, nchi iliporudi katika vyama vingi, haki hiyo ilibakizwa kwa mfumo wa Movement peke yake. Kwa hiyo leo mbunge akitupotea hatuwezi kumrudisha nyumbani kabla ya uchaguzi. Silaha tuliyobaki nayo ni swali, na swali halichukuliwi ghalani kwa saini.

Basi mbunge akija, kamanda amkaribishe, askari wampe kiti na maji, kama desturi ya wazee ilivyo. Akishakunywa, asome hesabu yake: sheria alizozipigia kura na sababu yake, fedha alizozidai na zilizotolewa, na majibu ya maswali tuliyompa alipokuja mara ya mwisho. Kama majibu ya mara ya mwisho hana, aandikiwe tena maswali yale yale, na karani wa kikosi abaki na nakala.